Kidonda cha Sungura wa Baba

Baba alirudi kutoka machimboni katikati ya msimu wa kuvuna pamba, na sidhani angeweza kuchagua wakati mbaya zaidi. Lori lilimshusha barabarani mbele ya nyumba yetu, hapa Kabambare, pamoja na sanduku lake la bati, mkeka uliokunjwa, na kasha la mbao ambalo zamani lilikuwa la sabuni. Sanduku la bati alimwachia mtu wa lori alishushe. Lile kasha alilipokea mwenyewe kwa mikono miwili, akalipeleka polepole mpaka barazani. Nilidhani ameniletea vyombo. Nilipoinama kuchungulia kati ya mbao, niliona macho mawili mekundu yakinitazama, na nyuma yake mengine mawili meusi.

"Walapeni," alisema Baba. "Mmoja mweupe, mmoja wa rangi ya udongo. Wote majike. Usiwaogope."

Walapeni ndilo jina tulilowaita sungura wa kufugwa, neno tulilolipata kwa Wazungu, ili tusiwachanganye na sungura wa porini. Sikuwaogopa. Nilichoka tu kuwaona.

Lazima nieleze nilivyokuwa wakati ule. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, na mtoto mmoja wa kike aliyekuwa anaota meno. Mume wangu alifanya kazi Kasongo, kwenye kiwanda cha kutenganisha pamba na mbegu, na alikuja nyumbani pale tu alipopata ruhusa na lori kwa pamoja, jambo ambalo halikutokea mara nyingi. Pamba ile ile aliyoishughulikia yeye kule Kasongo, mimi niliilima huku. Kila nyumba ilikuwa na kipande chake cha shamba la pamba kwa amri ya Leta, yaani Serikali, na kapita, msimamizi wetu, alizunguka nyumba hadi nyumba kuona kama imechumwa, kama imeanikwa, kama imechaguliwa ile safi mbali na ile ya njano. Nilikuwa naamka, nakwenda kuchuma na mtoto mgongoni, narudi, naanika, nachagua, natwanga muhogo, napika sombe ya majani yake, nafua, na kesho yake pamba iliyofunguka ilikuwa nyingi kuliko ya jana. Vidole vyangu vilijaa michubuko ya vikonyo vikavu vya pamba. Nikikaa chini, nilikuwa naogopa kuinuka.

Na Baba hatukufahamiana sana. Alikwenda kwenye machimbo ya dhahabu, upande wa Salamabila, nilipokuwa bado mdogo. Huko hakuchimba, alipata kazi jikoni kwa Mzungu mmoja, na jikoni akabaki mpaka mvi zikamjaa. Mama alipofariki alikuja siku tatu, akarudi. Mimi nililelewa na shangazi. Kwa hiyo mzee aliyeketi sasa barazani kwangu, miguu yake amenyoosha, suruali yake ndefu ya khaki aliyopewa na bwana wake imefika mpaka visiginoni hata wakati wa joto, alikuwa baba yangu, lakini sikujua anapenda chumvi kiasi gani kwenye chakula.

Niliuliza siku ya kwanza, "Baba, hawa tutawala lini?"

"Hawaliwi," alisema.

"Sasa wa nini?"

Aliwapitishia majani kati ya mbao. Kisha akasema, "Madamu, mke wa bwana wangu, alipokuwa anafunga mizigo kurudi Ulaya, aliniambia niwapike kwa chakula cha mwisho. Nikamwambia, Madamu, wacha nipike kuku. Akacheka. Akaniambia, basi chukua, ni wako. Mama, nimechinja wanyama hawa miaka mingi. Hawa wawili sikuweza. Sijui kwa nini."

Aliniita Mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Ni kitu kimoja ambacho hakukisahau.

Hivyo walapeni wakawa kazi yangu nyingine. Baba aliwapenda, lakini kutembea kulimpa taabu. Alisema ni magoti. Alikuwa anatoka kitandani mpaka barazani, na barazani mpaka nyuma ya nyumba, basi. Kwa hiyo majani ya viazi nilikata mimi, maji niliweka mimi, uchafu nilitoa mimi. Baada ya wiki mbili tatu sungura walianza kunenepa, na Baba akaniambia, "Mama, kasha hili ni dogo kwao. Walipokuwa watoto lilitosha. Sasa wanakanyagana. Tutafute mbao, nitengeneze la pili."

"Ndiyo, Baba," nilisema.

Sikutafuta. Alirudia tena baada ya siku kadhaa, nikasema tena ndiyo. Mbao zilikuwepo; mwenye duka wa Kiislamu karibu na soko, ambaye wazee wake walitoka Kasongo tangu enzi za biashara ya zamani, alikuwa na makasha matupu nyuma ya duka lake, na angetupa moja bila neno. Lakini kufika pale kulikuwa ni kuondoka nyumbani, na kuondoka nyumbani kulikuwa ni kuacha pamba juani bila mtu. Nikawa nasema kesho.

Siku jambo lenyewe lilipotokea nilichelewa shambani. Mtoto alikuwa na joto mwilini, alilia njia nzima. Nilifika nyumbani jua limeanza kulala upande, nikiwa na kikapu cha pamba kichwani na fungu dogo la majani mkononi, dogo kabisa, kwa sababu nilikata yale tu yaliyokuwa kando ya njia. Sungura walikuwa hawajala tangu asubuhi. Nilifungua mlango wa kasha, nikayatupa majani yote mahali pamoja, kwenye pembe, nikafunga. Baba alikuwa kwenye kiti chake, macho amefumba. Niliingia ndani kumlaza mtoto.

Hapo nikasikia sauti. Kabla ya siku ile sikujua kama sungura ana sauti. Ilikuwa nyembamba na kali, kama ya mtoto anayechomwa, na kwa muda nilidhani ni mtoto wangu, naye alikuwa mikononi mwangu. Kisha nikasikia kasha linagonga ukuta, na Baba anaita, "Mama! Kuja! Kuja upesi!"

Nilipofika, Baba alikuwa amepiga magoti mbele ya kasha, anajaribu kuingiza mkono. Manyoya meupe yalikuwa yamejaa kila mahali, yanaelea. Yule wa rangi ya udongo alikuwa amempanda mweupe mgongoni, amemng'ata, hataki kuachia. Nilichukua ufagio, nikapitisha mpini kati yao, nikawasukuma mbali. Mweupe alijibana kwenye pembe, anahema mpaka mwili mzima unatikisika. Sikio lake la kushoto lilikuwa limechanika ukingoni, na damu inashuka mpaka kwenye jicho.

"Mtoe," alisema Baba. "Mtoe huyo mweupe. Shika ngozi ya shingoni, mkono mwingine weka chini ya matako. Asining'inie. Akipiga teke hewani anaweza kuvunja mgongo."

Nilimtoa. Moyo wake ulikuwa unapiga kwenye kiganja changu kwa kasi ambayo sikuwahi kuisikia. Nilimweka kwenye kikapu cha pamba, juu ya pamba yenyewe, kwa kuwa hakukuwa na mahali pengine, nikamfunika na kitenge. Kisha nikakaa chini kwenye udongo. Sikulia, lakini nakumbuka nilisema kwa sauti, "Hii tena?"

Baba alisema tu, "Chemsha maji. Tia chumvi kidogo. Yaache yapoe."

Ndani ya nyumba mtoto alianza kulia. Nilichemsha maji na mtoto mgongoni.

Tulimwosha jua likiwa bado lipo. Baba aliketi kwenye kiti, akamweka sungura mapajani, akamfunika macho na kitambaa. "Asipoona, anatulia," alisema. Mimi nilishika maji. Sikuwa na kitambaa safi cha kutosha, kwa hiyo nilikwenda kwenye mkeka wa pamba, nikachukua konzi moja ya ile nyeupe kabisa, nikaitoa mbegu kwa vidole, nikaichovya. Sikio lilikuwa jepesi kusafisha. Lilichanika kidogo tu, kama ukingo wa jani ulioliwa na mdudu. Lakini Baba alipitisha vidole vyake polepole kwenye manyoya, kuanzia shingoni kushuka chini, akavisimamisha juu ya paja la nyuma.

"Kuna kingine hapa," alisema.

"Sioni kitu."

"Hutaona. Manyoya yanaficha. Leta wembe."

"Umejuaje?"

"Nimewachuna ngozi wangapi, Mama? Ninajua kila kitu kilipo." Alisema hivyo bila kunitazama.

Nilikata manyoya kwa wembe, kidogo kidogo. Chini yake kulikuwa na alama za meno, mashimo mawili, na ngozi imeinuka upande mmoja kama mfuniko. Halikuwa jeraha kubwa. Lingetosha kufunikwa na ukucha wa kidole gumba. Lakini nzi walikuwa wameshafika, na Baba alisema ni nzi ndio wanaoua, siyo meno. Wakitaga pale, baada ya siku mbili utakuta funza.

Asubuhi ya pili nilikwenda kwenye dispanseri. Kulikuwa na foleni ya akina mama na watoto, na wanaume wawili waliofungwa miguu kwa matambara. Munganga, yaani muuguzi, alikuwa kijana mwembamba mwenye koti jeupe lililopigwa pasi vizuri. Zamu yangu ilipofika alinyoosha mkono amwone mtoto.

"Siyo huyu," nilisema. "Huyu ni meno tu."

"Basi ni wewe?"

"Hapana."

"Nani sasa iko mugonjwa?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimechoka hata kutafuta uongo. Nikasema, "Ni lapeni wa baba yangu. Ameng'atwa na mwenzake."

Foleni yote ilicheka. Mama mmoja nyuma yangu alisema kwamba kwao lapeni aliyeng'atwa dawa yake ni mafuta ya mawese na pilipili, ndani ya sufuria. Wakacheka tena. Hata mimi ningecheka, kama ningekuwa mtu mwingine. Niligeuka niondoke. Nilikuwa nimefika mlangoni Munganga aliponiita.

"Weye, mama. Dawa ya Leta ni ya watu, siwezi kuandika lapeni kwenye kitabu. Lakini leta chupa." Nilikuwa na chupa ndogo ya mafuta ya nywele. Alitia ndani punje ishirini hivi za dawa nyeusi inayogeuza maji kuwa ya zambarau. "Punje moja kwa bakuli zima. Maji yawe na rangi ya waridi tu, yakizidi hapo yanachoma. Asubuhi na jioni. Usimloweshe mwili, atapata baridi. Na mfunike na kitambaa chepesi, nzi wasiingie."

"Aksanti, Munganga."

"Nitapita kumwona," alisema. "Sijawahi kuona lapeni mzima. Nimeona kwenye sahani tu."

Basi ikawa hivyo. Asubuhi kabla ya shamba, na jioni baada ya shamba, tulimwosha sungura. Kasha la sabuni alibaki nalo yule mkorofi. Mweupe alilala kwenye kikapu kilichogeuzwa chini juu, na jiwe juu yake. Kikapu hicho kilikuwa cha pamba, kwa hiyo pamba nilibeba kwenye kitenge, na kitenge kilipochafuka nilikifua. Hakuna jambo lililokuwa gumu. Yalikuwa madogo tu, moja juu ya lingine, na nilikuwa nayahisi yote mabegani.

Siku ya tatu, tukiwa katikati ya kuosha, kapita alisimama uani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeogopa waliokuwa juu yake. Alitazama mkeka wa pamba, akatazama mkono wangu, ambao ulikuwa umeshika donge la pamba lenye maji ya waridi na damu kidogo.

"Hiyo pamba imetoka wapi?" aliuliza.

Kuchukua pamba ya kuuzwa kwa matumizi ya nyumbani lilikuwa kosa, na watu waliwahi kuadhibiwa kwa hilo.

Baba ndiye aliyejibu, bila kuinua kichwa. "Imetoka kwenye mto wangu wa kulalia. Niliuleta kutoka machimboni. Nilipewa na Madamu. Unataka niupasue wote uone?"

Kapita alimtazama mzee yule mwenye suruali ya khaki na sungura mwenye kitambaa machoni. Kisha akasema pamba yetu imeanikwa vizuri, akaenda zake.

Baba hakuwa na mto. Alikuwa analalia koti lake. Nilimwangalia, naye akaniangalia, na kwa mara ya kwanza tangu arudi nilimwona anatabasamu. "Endelea," alisema. "Maji yanapoa."

Ilikuwa siku ya nne au ya tano, jioni, ndipo lilipotokea lile ninalolikumbuka zaidi. Sungura alikuwa ameanza kupata nguvu, na nguvu zilipomrudia hakutaka tena kushikwa. Nilipogusa paja lake alipiga teke. Bakuli likaruka mkononi mwangu, na maji yote yakamwagika juu ya mguu wa Baba, chini ya goti. Maji yalikuwa ya uvuguvugu tu. Lakini Baba alivuta pumzi kwa nguvu kati ya meno, mwili wake wote ukakakamaa, na mikono yake ikamkaza sungura mpaka nikaogopa atamwumiza.

"Nimekuchoma?" niliuliza.

"Hapana."

"Baba, maji yale hayana moto."

"Nimesema hapana. Mshike sungura wako."

Lakini suruali ilikuwa imelowa, imegandamana na mguu, na niliona chini yake umbo la kitu kilichofungwa. Nikasikia pia harufu. Sasa nilijua kwamba nilikuwa naisikia tangu alipokuja, na kila mara nilidhani ni kasha la sungura. Nilimweka sungura chini ya kikapu, nikaweka jiwe. Kisha nikapiga magoti, nikainua suruali ya baba yangu. Alinishika mkono kunizuia. Hakuwa na nguvu za kunizuia kweli.

Alikuwa amefunga mguu kwa kitambaa cha jikoni, kile cheupe chenye mistari ya bluu, ambacho sasa kilikuwa cha kahawia. Nilikifungua. Kidonda kilikuwa kikubwa kama kiganja cha mtoto wangu, kingo zake zimekuwa ngumu, na katikati kulikuwa na maji. Ngozi yote kuzunguka ilikuwa inang'aa. Hayo ndiyo yalikuwa magoti yake.

"Tangu lini?" niliuliza.

"Mvua zilipoanza."

"Mvua! Baba, mvua zimekuja zimekwisha! Ni nini kilikupata?"

"Kuni zilianguka jikoni. Jambo dogo. Halikupona."

"Na hukusema."

"Kule ukionyesha kidonda, kesho wanamweka mtu mwingine jikoni. Nilizoea kufunika."

"Hapa siyo kule! Hapa ni nyumbani kwangu. Hapa kwa nini hukusema?"

Alitazama mkeka wa pamba, na mtoto aliyelala kando yake, na rundo la muhogo ambao haujatwangwa. "Nilikuona umechoka," alisema.

Nilikasirika. Sijui kama niliwahi kumkasirikia mtu kama nilivyomkasirikia siku ile. Nilimwambia kwamba kuchoka kwangu hakumhusu. Nilimwambia kwamba amenifanya nimpiganie mnyama asubuhi na jioni, nichekwe na foleni nzima, na yeye ameketi pale na mguu unaoza. Nilisema neno hilo, unaoza. Nilimwambia kwamba Mama alipougua yeye hakuwepo, na sasa alitaka kufa mbele yangu bila hata kunipa nafasi ya kujua. Nilipiga kelele mpaka mtoto akaamka. Baba alisikiliza yote. Nilipomaliza nilikuwa sina pumzi, nikakaa pale pale miguuni pake, nikaegemea kiti.

Kisha nilisema, "Mimi ndiye niliyewafanya wapigane. Niliwaletea majani machache, nikayatupa kwenye pembe moja. Nilijua wana njaa. Na mbao sikwenda kuzitafuta."

"Ninajua," alisema Baba. "Nilikuwa hapa. Sikuwa nimelala."

"Na hukusema hilo pia."

"Lingesaidia nini? Uliyatupa, ukaingia kwa mtoto. Ningeweza kuinuka niyagawe. Sikuinuka. Mguu uliniuma." Aliweka mkono kichwani kwangu, kwa uzito, kama mtu asiyejua mkono unawekwaje juu ya kichwa cha mtu mzima. "Tumechoka wote wawili, Mama. Ndivyo ilivyo."

Nilichemsha maji mengine. Nilitia punje moja, nikangoja yawe ya waridi. Nikachukua pamba kwenye mkeka, mikono miwili, bila kuangalia kama kuna mtu anayepita barabarani, nikaosha mguu wa baba yangu. Hakupiga teke. Alifunika macho yake mwenyewe na mkono.

Munganga alikuja siku iliyofuata, mchana, kama alivyoahidi, kumwona lapeni. Nilikuwa nimekaa nyumbani. Ni siku ya kwanza msimu ule ambayo sikwenda shambani, na niliacha iwe itakavyokuwa. Alimshika sungura, akafurahi kama mtoto, akagusa masikio yake, akasema kidonda kinafunga vizuri, ngozi mpya imeanza kuonekana. Kisha nikasema, "Munganga, kuna mwingine." Baba alinitazama kwa jicho kali. Niliinua suruali.

Munganga aliacha kucheka. Aliangalia muda mrefu, akabonyeza pembeni, akanusa. Akamwambia Baba kwa heshima, "Mzee, hiki nitaandika kwenye kitabu. Hiki ni cha mutu."

Haikuwa rahisi. Kwanza Baba alikataa kwenda kwenye dispanseri. Alisema hatakaa kwenye foleni na wanawake. Munganga alimwambia kwamba akikataa, atamwandikia karatasi ya kupelekwa hospitali ya Kasongo, na kule watakata badala ya kuosha. Sijui kama ilikuwa kweli au alimtisha tu. Baba alikwenda. Kila asubuhi tulitembea mimi na yeye mpaka dispanseri, yeye ameegemea bega langu, mtoto mgongoni, na mwendo ambao mtu mwenye miguu mizima angeumaliza mara moja ulituchukua asubuhi nzima. Alichomwa sindano. Alifungwa bendeji safi. Aliketi kwenye foleni na wanawake, na baada ya wiki moja walikuwa wanamwuliza habari za lapeni kabla ya kumwuliza habari za mguu.

Pamba yangu nyingine iliharibika. Ilifunguka, ikaanguka, ikaguswa na vumbi. Kapita alikuja, akasema maneno, nami nilimsikiliza nikiwa nimesimama. Kulikuwa na adhabu: mimi na wanawake wengine watatu tulifyeka majani kwenye barabara ya Leta siku kadhaa, juani. Nilifyeka. Siwezi kusema nilijuta. Nilikuwa nimefika mahali ambapo kufyeka barabara au kuchuma pamba au kuosha kidonda vilikuwa ni kitu kile kile, mikono ikifanya na kichwa kikiwa mbali.

Sungura mweupe alipona kabla ya Baba, kama ilivyotegemewa. Manyoya yalirudi pajani, kwanza mafupi na ya kijivu, baadaye meupe. Sikio lilibaki na pengo ukingoni. Mke wa mwenye duka aliposikia habari zetu alituletea kasha tupu mwenyewe, amelibeba kichwani juu ya ushungi wake, pamoja na kikombe cha asali ambayo alisema ni nzuri kwa vidonda vya watu na vya wanyama. Tulimshukuru, na asali tulipaka kidogo, iliyobaki tuliila.

Baba alitengeneza nyumba ya pili kwa mikono yake, ameketi, mguu umewekwa juu ya kigoda. Hakuwarudisha wale wawili pamoja. Aliweka makasha ubavu kwa ubavu, na kati yao akaacha wavu wa fito nyembamba. Siku za kwanza walipigana kupitia wavu, wakipiga miguu chini kwa hasira. Halafu wakaacha. Baada ya muda niliwakuta wamelala, kila mmoja kwake, wameegemea wavu ule ule mgongo kwa mgongo. Baba alisema inatosha hivyo, wasilazimishwe zaidi.

Na majani alianza kuwagawia mwenyewe, mafungu mawili, siku alipoweza kutembea na fimbo mpaka kwenye bustani ya viazi. Siku hiyo nilirudi kutoka barabarani nikakuta wameshakula, muhogo umemenywa, na mzee ameketi kwenye mkeka wangu anachagua pamba, ile safi huku, ile ya njano kule, taratibu, kama mtu anayechambua mchele wa wageni.

Mume wangu alifika mwisho wa msimu, juu ya lori lililokuja kuchukua magunia. Aliingia uani mchana na vumbi la njia nzima usoni, akamsalimu Baba, akamwinua mtoto, akashangaa meno manne. Nilimletea maji ya kunawa. Aliketi mkekani kando yangu.

"Habari za hapa?" aliuliza.

Nilifikiria nianzie wapi. "Nzuri tu," nilisema.

Alianza kunieleza habari za Kasongo, mashine moja iliyokuwa inaharibika kila mara, na lori lililokwama siku mbili karibu na mto Luama, na dereva aliyekataa kula samaki. Nilimsikia mpaka pale kwa samaki. Kisha nikainamia upande, kichwa changu kikakuta gunia la pamba, na nikalala hapo hapo, mchana kweupe, yeye akiwa bado anasema.